Zamu ya Mujinga

Kaseti ilipulizwa kwanza.
Si kwa nguvu. Mujinga alitufundisha:
ubavu mpaka ubavu, kama unapooza uji wa mtoto,
halafu uigonge pajani mara mbili,
halafu uisukume ndani huku umefumba macho,
kana kwamba mashine huona haya.

"Unapuliza mubaya," aliniambia. "Unatia mate. Leta."

Kamalondo, nyumba yenye mlango wa bluu,
baba yake mhasibu wa reli.
Mashine aliitoa Ndola, ndani ya gunia la sukari.
Televizio yao ilikuwa nyeusi-nyeupe,
kwa hiyo mpaka leo sijui
yule mtu mdogo aliyeruka mashimo
alivaa shati la rangi gani.
Mujinga alisema jekundu. Kyungu alisema la kijani, wakapigana.
Mimi niliona rangi ya shaba,
maana kwetu hata soksi zilikuwa na rangi ya shaba.

Malipo: kapenta watano kwa mchezo mmoja.
Niliwaiba jikoni kwa mama,
na mfuko wa kaptula yangu ulinuka ziwa
ambalo sijawahi kuliona.

Tulicheka jina lake. Kwa Kiswahili chetu ni tusi.
Yeye alisema: kwa lugha ya nyanya
ni mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingo.
"Mie nilitoka tumboni na waya wa manete tayari."
Kisha akatushinda wote sita mfululizo,
ulimi nje, mguu mmoja ameukalia.

Maneno ya mwisho kwenye kioo hatukuyaelewa,
tuliyasoma tu: gemoveri.
Sombe ikiisha sufuriani, gemoveri.
Kandambili ikikatika njiani, gemoveri.
Siku baba aliporudi kutoka Gekamini
mwezi wa nne bila mshahara,
akakaa kitini bila kuvua viatu,
dada yangu alisema, gemoveri,
na hakuna aliyecheka.

Ndio mwaka ambao watu walianza
kuulizana majina ya babu zao mlangoni.
Jina lile tulilolicheka,
wengine walilitamka bila kucheka.

Alikuja jioni na beseni kichwani,
majani ya muhogo juu, mashine chini.
Hakulia. Alichomeka nyaya mwenyewe
kwenye televizio yetu, akapuliza,
akacheza mpaka daraja la saba,
ambako hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kufika,
akabonyeza kitufe cha kusimamisha
mtu wetu akiwa hewani, shimo chini yake.
"Usiguse. Ni zamu yangu. Nitakuja kumalizia."

Mama alinikataza kwenda stesheni.
Nilikwenda.
Magodoro, masufuria, cherehani, mzee akishika saa ya ukutani
kama mtoto mchanga.
Sikumwona.

Siku mbili sikuzima.
Mama alifunika kioo kwa kitambaa cha kufuma
na mwanga ukapita kwenye matundu.
Mashine ilichemka kama tumbo la mgonjwa.
Baba alitazama, akanyamaza.
Usiku wa tatu umeme ulikatika mtaa mzima.
Nilisikia tik.
Kama alianguka, alianguka gizani,
na mimi nilikuwa macho.

Sasa natengeneza simu karibu na soko la Kenya.
Vijana wangu wana brashi, wana dawa ya kopo.
Simu ikikataa chaji, mimi naipeleka mdomoni,
ubavu mpaka ubavu, bila mate.
"Papa, ile haisaidiake kitu," wananiambia.
Najua.

Manete ya pili imo kwenye droo ya chini, chini ya betri zilizovimba.
Waya wake huwa naukunjua na kuukunja upya, mara moja moja,
kwa ulegevu,
usikaze.